Funza, Pazia na Watu wa Mzee Wambura

Vijana wangu wa chumba cha vidonda, mmeniomba niandike. Mlisema kurasa mbili tu, za kuwasaidia wageni wanaoanza kazi. Sasa mtu aliyekaa na vidonda vya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa kama pamba ya Bunda, huyo hawezi kuandika kurasa mbili. Kwa hiyo vumilieni. Habari za vyeo na mshahara nimeziacha, kwa sababu za vyeo ni fupi na za mshahara ni fupi zaidi.

Siku ya kuniaga mlinipa godoro na saa ya ukutani. Godoro nimelielewa. Saa bado naitazama pale sebuleni Bweri, nikijiuliza mlitaka nifanye nayo nini mimi ambaye sina tena zamu.

Nilianza kazi hapo hospitalini Musoma kama mhudumu, wa kufagia na kubeba ndoo. Nilikuwa kijana wa Mugango mwenye darasa la saba, najua kuparua samaki kuliko kushika kalamu. Siku ya kwanza wakanipeleka kwa Mama Nyamisi, muuguzi aliyekuwa mkuu wa chumba cha vidonda. Harufu iliyonipokea mlangoni ilinisukuma kifuani kama mtu. Nilirudi kinyumenyume hadi getini, na kama mlinzi asingekuwa amefunga, saa hizi mngekuwa mnanisikia niko Tarime nauza ndizi. Mama Nyamisi alinifuata polepole. Hakunikaripia. Alisema harufu ni taarifa, na anayeikimbia taarifa hawezi kazi ya humu. Akanifundisha kusimama upande wa dirisha, kupumua kwa mdomo, na kutabasamu kabla ya kufungua bandeji, siyo baada, kwa sababu mgonjwa hatazamagi mguu wake wakati ule, anatazama uso wako.

Enzi hizo bandeji tulizifua, tukazichemsha kwenye sufuria kubwa kama ya harusi, tukazianika nyuma ya jengo. Nikiona leo mnafungua pakiti mpya na kulalamika kwamba gundi yake haishiki, mimi hutoka nje nikacheka. Mama Nyamisi alikuwa na koleo lake dogo la chuma, jembamba, lenye ncha iliyoweza kuokota mawazo ya mtu. Alipostaafu aliniachia. Nami nimeliacha kwenye droo ya kushoto. Aliyelihamisha anajijua, alirudishe.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kugusa bandeji ya mgonjwa mgeni, alimuuliza, "Nani kakuleta?" Mtu akijibu kaletwa na mwanae, Mama Nyamisi anamwita huyo mwana ndani, anamsalimia, anampa kiti. Akijibu na mkewe, mke anaitwa. Akijibu kaja mwenyewe, basi Mama Nyamisi alikuwa anavuta stuli na kukaa naye karibu kidogo, foleni ikisubiri, mimi nikihema kwa haraka za ujana. Nilidhani ni salamu zake tu. Nikaiga kama kasuku, maana niliiga kila alichofanya, hata namna yake ya kupiga chafya.

Katika miaka hiyo, mgonjwa kufika na funza kwenye kidonda kulikuwa kama msiba. Namkumbuka babu mmoja wa Bugwema aliyeletwa na wajukuu zake kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tulipofungua khanga waliyomfunga mguuni, funza walikuwa wamejaa kama wali kwenye sinia. Babu hakulalamika maumivu. Alivua kofia akajifunika nayo uso. Wajukuu wakaanza kujitetea kabla hatujauliza chochote: mmoja alisema alimwosha jana, mwingine alikuwa shamba, wa tatu akawa anaapa kwa jina la Bwana. Nikafikiri wanaogopa hospitali. Tukawatoa wale funza kwa koleo, na chini yao nikakuta nyama nyekundu, safi, kama ya buchani asubuhi. Mama Nyamisi aliinama, akatazama kwa muda.

"Bwire," akaniambia, "hawa wameosha kuliko wewe."

Kisha tukawachoma moto, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa.

Sekondari yangu niliisoma kwa masomo ya jioni, baada ya kazi, nikiwa baba wa watoto ambao wawili kati yao walikuwa wamenitangulia darasa na hawakuacha kunikumbusha. Mwalimu wetu wa baiolojia alipenda nzi kupita kiasi. Alituchorea yai, buu, pupa na nzi mzima mara elfu moja, na ile mishipa ya bawa aliichora kama barabara za mkoa. Nilifaulu baiolojia vizuri. Somo la Kiingereza tuliachana kwa amani. Nikaenda kusomea uuguzi, nikarudi chumba kilekile nikiwa nimevaa nyeupe, na tangu siku hiyo wagonjwa wakaniita dokta. Nilikuwa nakataa, lakini kwa sauti ndogo.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu kisukari kilikuwa kimeingia kila kitongoji. Chumba kikajaa miguu. Tunasafisha, tunafunga, tunakata nyama iliyokufa, wiki ijayo imekufa nyingine. Wengi walikwenda kukatwa. Ndipo akaja Daktari Rehema, binti mdogo wa umbo, mwenye haraka ya kutembea utadhani kaacha ugali jikoni. Akatukusanya, akatueleza kwamba kuna funza wanaokuzwa maabara, wasafi, wasio na vijidudu, ambao wakiwekwa kwenye kidonda wanakula nyama iliyokufa tu na kuiacha iliyo hai. Akauliza nani atashika kazi hiyo. Nikanyoosha mkono kujikuna kisogo, nikahesabiwa.

Funza wenyewe walikuzwa Mwanza, wakasafiri kwa basi ndani ya boksi la kubebea chanjo, wakapitia Bunda na kushushwa stendi ya Bweri. Mara ya kwanza kondakta alinikabidhi boksi huku akiniambia kwa unyenyekevu kwamba kalishika mapajani njia nzima, kwa kuwa anajua chanjo ni maisha ya watoto. Sikuona sababu ya kumharibia siku.

Wakafika wakiwa wadogo kama punje za chumvi. Unawaweka juu ya kidonda, unawafunika kwa wavu unaopitisha hewa, unaziba pembeni, na baada ya siku mbili tatu unawatoa wakiwa wamenenepa kama mchele wa Kahama. Ule wavu wenyewe haukuwepo. Daktari Rehema akasema soksi ndefu za kina mama, zile nyembamba, zinafaa kabisa zikishachemshwa. Basi mimi, mzee wa kanisa, nikaenda soko la Nyasho kununua soksi za kike, nyingi, rangi yoyote. Muuzaji akaniuliza saizi ya mama. Nikamwambia ni za wagonjwa, nyingine za wanaume. Hadi leo nikipita pale ananisalimia bila kunitazama.

Aliyetufungulia njia ni Mama Sabina, mfanyabiashara wa mitumba wa Bunda, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu kilichomla kwa miaka. Tulimweleza kwa upole mwingi, Daktari Rehema akiwa upande huu na mimi upande ule, tukiongea kwa zamu kama wachungaji wawili kwenye ndoa. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama funza hao wakishiba wanajua kusimama. Tukamwambia wanajua. Akasema afadhali, maana anao mashemeji hawajui.

Siku ya pili akawa analalamika kwamba wanamtekenya. Siku ya kuwatoa alitaka awaone. Aliwaita mafundi, akawaaga mmoja mmoja, akauliza kama kuna uwezekano wa kuwapa chai. Baada ya awamu chache kidonda kikawa chekundu, kikaanza kujifunga kutoka pembeni, na Mama Sabina akarudi Bunda kupiga kelele sokoni kama kawaida.

Lakini msidhani wote walikuwa Mama Sabina. Wengi walikataa, na nitawaambia ukweli, baadhi ya sababu zao zilikuwa nzuri kuliko maelezo yetu. Katekista mmoja alitaka tumwonyeshe mstari wa Maandiko unaoruhusu, na mistari yote tuliyoipata yenye funza ilikuwa ya jehanamu. Mvuvi mmoja wa kwetu Mugango alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mimi nimewatia hawa kwenye ndoano maisha yangu yote, leo unataka niwape nafasi walipize?" Sisi kwa kuona watu wanachukizwa, tangu awamu za mwisho za Mama Sabina tukaamua kuwa wasiri. Tukatundika pazia zito la kijani kwenye kona, tukatafuta kitanda cha mwisho karibu na ukuta, tukazuia wageni siku za funza, na kwenye kadi tukawa tunaandika "tiba maalum". Tulijiona tumeheshimu watu. Pazia lile nililishona mwenyewe, na lilikuwa zuri.

Sasa niwaelezee Mzee Wambura, ambaye ndiye hasa nilitaka kumwandika.

Alitoka kijiji kimoja cha Butiama. Mtu mrefu, mfugaji, mwenye maneno machache na koti la suti alilovaa hata kitandani. Kisukari kilikuwa kimeuchukua mguu wake wa kulia; chini ya unyayo kulikuwa na shimo la kuingia yai, na kidole kimoja kimeshakuwa cheusi. Daktari wa upasuaji alipanga kuukata chini ya goti Jumatatu. Daktari Rehema akaomba tujaribu funza kwanza. Wakifanya kazi, mguu ubaki. Boksi lilitakiwa kufika Ijumaa. Akikataa, Jumatatu anaingia na mguu, anatoka bila.

Nikapewa kazi ya kuongea naye. Nilivuta pazia, nikashusha sauti, nikaanza. Nilitumia kila kitu: nilimchorea, nikamsimulia Mama Sabina, nikamwambia funza wale ni wasafi kuliko mikono ya waziri. Aliniita mura, yaani kijana, ingawa mvi zangu na zake zingeshindana. Akauliza maswali ya mtu anayejua mifugo: wanakaa muda gani, wanatoka wote, watageuka nzi wakiwa ndani? Nikamjibu yote. Alitikisa kichwa kwa kuridhika kila jibu. Mwishoni akasema hapana.

Nikadhani ni aibu ya kuonekana. Nikamwahidi hakuna atakayejua. Tutamhamishia kwenye kona kabisa, hata mwanae hataingia. Akageukia ukutani. Siku iliyofuata nikamwahidi chumba cha peke yake. Akavuta koti akajifunika uso, na pale nikakumbuka kofia ya yule babu wa Bugwema, ila sikujua kwa nini nimeikumbuka. Yaani kila nilivyozidi kumsitiri, ndivyo alivyozidi kukataa. Nilikuwa kama mtu anayesukuma mlango ulioandikwa vuta.

Alhamisi asubuhi nikakaa kwenye stuli, nimechoka, sina hotuba tena. Nikamuuliza tu kwa nini.

Aligeuka akanitazama. Kisha akasema, "Mura, kwetu ng'ombe wangu akiwa na kidonda, nzi hamgusi. Nakaa naye. Mtu mwenye funza ni yule aliyeachwa. Wakinikuta nao hapa, nyuma ya kitambaa, peke yangu, watasema Wambura hakuwa na watu." Akanyoosha mguu wake mbovu juu ya shuka. "Kateni. Mguu mmoja na watu ni bora."

Nawaambia, nilihisi kama mtu kanimwagia ndoo ya maji ya ziwa ya mwezi wa saba. Miaka yote ile nimemsikia Mama Nyamisi akiuliza nani kakuleta, na nimeuliza mwenyewe kama kasuku, na nilikuwa sijasikia swali. Wale wajukuu wa Bugwema hawakuwa wanaogopa hospitali. Walikuwa wanatuambia kwamba babu yao ana watu. Na sisi tumechukua kitu kinachosema mtu kaachwa, tukakiweka nyuma ya pazia, tukawafukuza watu wake, tukashangaa mbona hataki.

Nikamuuliza, "Mzee, nani kakuleta?"

"Marwa. Mwanangu. Yuko nje kwenye benchi tangu Jumapili, mmemkataza kuingia."

Nikatoka nikamkuta Marwa amelala ameketi. Nikamwambia apige simu Butiama: dada wa mzee, rika lake, wake wa nyumbani, yeyote ambaye kutokuwepo kwake kutasemwa. Waje Ijumaa. Akaniuliza waje wangapi. Nikamwambia wanaotosha kusikika. Kisha nikaenda kwa Daktari Rehema kumweleza, nikijiandaa kubishana, na nilikuwa nimepanga hoja tangu koridoni. Yule binti alinisikiliza, akasema, "Basi pazia litoke," akapanda kiti akalishusha yeye mwenyewe. Nilibaki na hoja zangu zote mkononi.

Ijumaa watu wa Wambura wakafika. Muuguzi mkuu wa wodi alikuja kuniuliza kama kuna mkutano wa hadhara. Walikuwepo wazee wa rika lake na fimbo zao, walikuwepo vijana, na mbele yao wote dada yake, Bi Nyakwesi, mwanamke mdogo mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Walikuwepo pia wake wa wanawe. Hao kwa desturi hawawezi kumtazama baba mkwe akiwa amefunuliwa mguu, kwa hiyo waliingia, wakageuka, wakakaa chini wakitazama ukuta kwa heshima zote. Lakini walikuwepo. Mzee Wambura aliitazama migongo yao, na mara ya kwanza tangu aje nikamwona amefungua kifungo cha koti.

Watu wapo, funza hawapo. Basi la Mwanza liliharibika Bunda. Kondakta alinipigia, akasema fundi kaingia chini ya gari na hana dalili ya kutoka, na jua linawaka. Funza wakipata joto wanakufa, na Jumatatu haingesubiri fundi. Mtu pekee niliyemjua karibu na stendi ya Bunda alikuwa Mama Sabina. Nikampigia. Sikumaliza sentensi. Nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu amwangalizie meza, kisha nikamsikia akimwambia kondakta kwamba hilo boksi ni la hospitali na yeye ni shahidi wake.

Alifika mchana kwa gari dogo la kukodi la kuchangia abiria, boksi likiwa mapajani limezungushiwa mashuka mabichi ya mitumba. Nilifungua nikachungulia. Walikuwa wanatembea. Sijawahi kufurahi hivyo kuona funza, na sidhani kama kuna mtu Musoma aliyewahi.

Mama Sabina hakusubiri kukaribishwa. Aliwasalimia wazee, akapandisha khanga kidogo, akaweka mguu wake juu ya stuli yangu. Kovu lilikuwa laini, linang'aa.

"Mafundi hao hao," akasema. "Na mimi walinificha kwenye kona, nikafikiri nimeolewa tena."

Wazee wakacheka, hata migongo ya wakwe ikatikisika. Bi Nyakwesi hakucheka. Aliinama akakagua kovu kwa kidole, akalibonyeza, akamuuliza Mama Sabina ukoo wake, akaridhika na vyote viwili. Kisha akanigeukia mimi.

"Nani anawaweka?"

Nikamwambia mimi, nina cheti.

"Wewe ni mtu wake?"

Bi Nyakwesi akanyoosha mikono yake apewe glavu. Nikamtazama Daktari Rehema. Akaitikia kwa kichwa. Nikamvalisha, nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikaweka wavu tayari, nikauongoza mkono wake. Akamimina yeye.

Akawaambia watu wote waliokuwepo, kwa sauti ya kawaida kama anayetoa taarifa ya mvua, "Mmeona. Mimi dada yake nimewaweka. Hawajamwingia, tumempa."

Mzee Wambura alikuwa ameangalia dari muda wote. Akashusha macho akatazama mguu wake, ukifunikwa kwa soksi ya kike rangi ya kahawia iliyotoka Nyasho.

"Dada," akasema, "hii soksi hawakuwa na nyeusi?"

Daktari wa upasuaji akakubali kuahirisha Jumatatu. Siku zile zote hakukosekana mtu kwenye benchi pembeni ya kitanda. Hawakuwa na kazi ya kufanya. Walikaa, wakazungumza bei ya ng'ombe, wakamweleza kila aliyepita kwamba mle ndani ya soksi kuna funza na wamewekwa na dada yake. Wagonjwa wa vitanda vingine walianza kwa kuziba pua na wakaishia kuuliza. Tulipofungua, nyama nyeusi ilikuwa imekwisha, na chini yake palikuwa pekundu. Bi Nyakwesi alichungulia, akawaita rika wachungulie kwa zamu. Tukarudia mara kadhaa. Kile kidole cheusi hatukukiokoa, kilikwenda, na mzee alikiaga bila hotuba. Mguu ukabaki.

Tangu hapo pazia halikurudi. Sisemi kila mtu awekewe funza mbele ya ukoo. Wapo wanaotaka faragha, wapeni. Ila waulizeni, msiwaamulie. Katekista yule baadaye alikubali, mkewe ndiye alimimina, akiimba. Mvuvi wa Mugango hakukubali mpaka mwisho, tukamtibu kwa njia nyingine, akapona taratibu, na bado ananicheka tukikutana mwaloni, pale wanaposhusha samaki. Na lile pazia la kijani mke wangu kalifanya kitambaa cha meza. Ni zuri, nilishawaambia.

Nimalizie na hili la mwezi uliopita, maana mlikuwepo wachache. Kustaafu kumenifanya mkulima, na jembe likanipitia kwenye muundi wa mguu kule shambani kwangu Bweri. Jeraha dogo tu, refu kama kutoka hapa hadi Shirati. Nikapanda bodaboda, nikaja chumbani kwenu kama mgonjwa. Binti Neema, niliyemfundisha mwenyewe kufunga bandeji, alinikalisha kwenye kile kitanda cha karibu na ukuta, akaweka trei karibu. Hakugusa. Akaniuliza, "Mzee Bwire, nani kakuleta?"

Nilicheka. Nikamwambia nimekuja mwenyewe, mke yuko kwa wajukuu, bodaboda kashaondoka. Neema hakucheka. Alivuta stuli akakaa, na foleni ipo. Nikamwambia aendelee na kazi, akasogeza stuli karibu zaidi.

Mlangoni kukasikika fimbo. Ilikuwa siku ya kliniki ya kisukari, na Mzee Wambura alikuwa amekuja kupima, na koti lake. Alikuwa amesikia swali la Neema na jibu langu. Akaingia kwa miguu yake miwili, akiutua ule wa kulia kwa uangalifu kidogo, akapita wagonjwa wote, akakaa kwenye benchi pembeni yangu, fimbo katikati ya magoti.

"Kaletwa na Wambura wa Butiama," akamwambia Neema. "Sasa fungua."

Neema akafungua. Mzee akainama akakagua jeraha langu kwa makini, kama anayekagua ndama mnadani, akanyanyuka hajaridhika.

"Mura," akasema, "mbona wewe hawakuwekei mafundi?"